‘Crisis’ si kusota tu: Neno hili lina maana gani hasa?

TOKENI za stima zikiisha usiku, ni ‘crisis’. Bei ya nyanya ikipanda sokoni, ‘crisis’. Bando likikata katikati ya mechi, ‘crisis’. Mtu akisoma meseji yako kisha anyamaze siku mbili, hiyo nayo ni ‘crisis’ ya mapenzi. Sikiliza mazungumzo yoyote ya vijana ndani ya matatu, kutoka Rongai hadi Githurai, na huenda ukalisikia neno hili kabla hujashuka.

Si vijana peke yao. Waziri akisimama mbele ya kamera atakuambia nchi ina ‘crisis’ ya madeni. Mkuu wa chuo atasema kuna ‘crisis’ ya ufadhili. Mzazi naye analalamika kwamba malezi ya siku hizi yako kwenye ‘crisis’. Neno moja limebebeshwa mizigo yote ya dunia, kama bodaboda iliyopakia watu wanne na gunia la viazi juu.

Lakini je, kila hali ngumu ni ‘crisis’? Hapana. Na tofauti hiyo si ya walimu wa Kiingereza pekee. Jina unaloipa shida yako ndilo huamua utakachoifanyia: utakopa, utasubiri, utapanga au utaingia barabarani.

Neno lilizaliwa kando ya kitanda cha mgonjwa

Tuanze na asili. ‘Crisis’ ni neno ambalo Kiingereza kililipata kutoka Kigiriki, likipitia Kilatini. Wagiriki walikuwa na kitenzi ‘krinein’, maana yake kutenganisha, kupambanua, kuamua au kutoa hukumu. Kutokana nacho wakapata ‘krisis’, yaani uamuzi.

Madaktari wa kale wa Ugiriki, wale wa kundi la Hippocrates, walilitumia neno hili kwa jambo mahususi sana. Kwao haikuwa siku zote ambazo mgonjwa alikuwa akiugua. Ilikuwa ile saa ambapo ugonjwa ‘unaamua’: ama mgonjwa ageuke na kuanza kupona, ama azidiwe. Kabla ya saa hiyo alikuwa mgonjwa. Baada yake pia huenda aliendelea kuwa mgonjwa. Lakini ‘krisis’ ni ile njia panda katikati.

Ukitaka kuielewa vizuri, fikiria homa ya mapafu kabla ya dawa za antibiotiki kuenea katika miaka ya 1940. Mgonjwa alikuwa akilala na joto kali kwa siku kadhaa. Familia inakaa naye usiku, kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso. Halafu, mara nyingi baada ya wiki moja hivi, joto linashuka ghafla kwa saa chache, jasho linamtoka, naye analala usingizi wa kweli. Au halishuki. Madaktari waliita kugeuka huko ‘crisis’, na kila aliyekuwa chumbani alijua ndiyo saa inayosubiriwa.

Ndiyo maana hadi leo hospitalini utasikia mgonjwa ‘yuko critical’. Neno ‘critical’ ni ndugu wa damu wa ‘crisis’. Halimaanishi kwamba anaumwa sana tu. Linamaanisha kwamba hali yake inaweza kuelekea upande wowote. Ndugu wengine wa ukoo huu ni ‘critic’, yaani mhakiki, mtu anayepambanua kizuri na kibaya, pamoja na ‘criterion’, kigezo cha kuamulia. Ukoo mzima kazi yake ni moja: kuamua.

Kutoka wodini hadi ikulu

Neno lilipotoka hospitalini likaingia katika siasa na uchumi, halikuacha kabisa ile maana ya saa ya uamuzi. Angalia matukio yaliyoandikwa kwenye historia kwa jina hili.

Oktoba 1962, Marekani iligundua kwamba Muungano wa Kisovieti ulikuwa umepeleka makombora ya nyuklia Cuba. Kwa siku 13 dunia ilikaa roho mkononi, hadi Nikita Khrushchev akakubali kuyaondoa. Marekani na Kisovieti walikuwa wamekuwa mahasimu kwa miaka mingi kabla ya hapo, na wakaendelea kuwa mahasimu baadaye. Lakini ‘crisis’ ilikuwa zile siku 13, kwa sababu ndizo zilizokuwa na uamuzi ndani yake.

Mwaka 1973, wakati wa vita vya Oktoba kati ya Israeli na majirani zake, nchi za Kiarabu zinazochimba mafuta ziliyanyima mataifa yaliyoiunga Israeli mkono, Marekani ikiwemo. Ndani ya miezi michache bei ya pipa ikaruka kutoka takriban dola 3 hadi karibu dola 12. Nchi tajiri zililazimika kuamua upya namna ya kutumia mafuta, kuanzia ukubwa wa magari hadi kasi barabarani.

Mwaka 2008, benki ya Lehman Brothers ilianguka mnamo Septemba 15, na wiki chache baadaye Bunge la Marekani likalazimika kuamua kama litatoa dola bilioni 700 kuziokoa taasisi za kifedha. Liliamua kutoa. Mtikisiko huo ulienea hadi kwa watu ambao hawakuwahi kusikia jina Lehman.

Unaona kinachojirudia? Kuna saa inayogonga, kuna mlango zaidi ya mmoja, na kuna mtu ambaye lazima achague.

Hapa kwetu je?

Kenya haihitaji kuazima mifano. Wengi wenu mlikuwa wachanga au hata hamjazaliwa wakati matokeo ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007 yalipozua ghasia. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Nchi ilikuwa inaweza kuzama kabisa. Kofi Annan akaja, mazungumzo yakafanyika, na Februari 28, 2008 Mwai Kibaki na Raila Odinga wakatia saini mkataba wa kugawana mamlaka. Hiyo ilikuwa ‘crisis’ kwa kila kipimo.

Mfano wa pili ni wa pesa. Kenya ilikuwa na deni la Eurobond la dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa Juni 2024. Tarehe ilikuwa imeandikwa miaka kumi mapema. Kadiri ilivyokaribia, ndivyo wawekezaji walivyojiuliza kama nchi itaweza kulipa, na shilingi ikaporomoka hadi takriban 160 kwa dola mwezi Januari 2024. Februari serikali ikachukua Eurobond mpya ya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani. Wasiwasi ukapungua na shilingi ikapanda hadi karibu 130. Hapo ‘crisis’ ikaisha. Deni halikuisha! Hilo ni jambo la kushika: kugeuka kwa hali si sawa na kupona.

Mfano wa tatu mnaujua wenyewe, maana mlikuwa ndani yake. Mswada wa Fedha wa 2024 uliwatoa vijana mitandaoni ukawaleta barabarani. Juni 25 waandamanaji wakaingia Bungeni, risasi zikafyatuliwa, watu wakafa. Siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Gharama ya maisha ilikuwa imewachoma Wakenya kwa miaka. Lakini ‘crisis’ ilikuwa ile wiki, kwa sababu mswada ulikuwa na sahihi moja tu iliyobaki, na kila upande ulijua hivyo.

Sasa rudi kwa zile tokeni

Chukua Njaanuary, neno ambalo Wakenya walilibuni wenyewe kwa kuunganisha njaa na jina la Kiingereza la mwezi wa kwanza. Neno tamu, maisha machungu. Mshahara wa Desemba kwa wengi huingia mapema kabla ya Krismasi, unaliwa na sherehe na nauli ya kwenda ushago, kisha Januari inakuja na karo, kodi ya nyumba na siku zisizokwisha. Kila mtu amesota. Kumeumana!

Je, hiyo ni ‘crisis’? Tuseme ukweli, Januari huja kila mwaka, baada ya Desemba, bila kukosa. Shida ambayo tarehe yake iko kwenye kalenda na ambayo hukurudia vilevile kila mara ni shida sugu. Inauma, lakini haiko njia panda. Haitageuka yenyewe wiki ijayo.

Na hapa ndipo neno linapoanza kula pesa zako. Ukijiambia uko kwenye ‘crisis’, akili inafanya kile inachofanya wakati wa hatari: inatafuta mlango wowote ulio karibu. Mlango ulio karibu kwa kijana wa mjini ni simu. Unabonyeza, mkopo unaingia, unavuka wiki. Wiki nyingine unakopa kwingine kulipa ule wa kwanza. Ada juu ya ada. Umetumia dawa ya usiku mmoja kutibu ugonjwa wa mwaka mzima.

Shida sugu ina dawa nyingine, isiyo na mbwembwe: kujua hasa kinachotoka na kinachoingia, kuhamia nyumba ya bei nafuu, chama cha watu watano mnaoaminiana, kutenga kitu Oktoba kwa ajili ya Januari. Si dawa ya kusisimua. Hakuna anayeiposti. Lakini hiyo ndiyo dawa yake.

Angalia, kusema jambo si ‘crisis’ si kusema ni dogo. Kijana aliyemaliza chuo miaka minne iliyopita na bado anazungusha bahasha ofisi kwa ofisi ana shida kubwa kuliko ‘crisis’ nyingi, na si yeye aliyeileta kwa kutopanga bajeti. Tofauti ni kwamba shida yake haitakwisha kwa uamuzi wa usiku mmoja. Inahitaji sera, inahitaji viwanda, inahitaji watu wanaokumbuka kuuliza hata wakati hakuna kamera. Shida sugu hupenda kusahaulika kwa sababu hazina siku yao. Waswahili walishasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ni ile shida sugu. ‘Crisis’ ni ile alasiri ukuta unapoinama.

Kwa Kiswahili tusemeje?

Hapa watafsiri huumwa na kichwa, kwa sababu Kiswahili kina maneno mengi na kila moja lina kazi yake.

‘Mgogoro’ ndilo hutumiwa zaidi kwenye vyombo vya habari. Linafaa vizuri pale pande mbili zinapovutana: mgogoro wa ardhi, mgogoro wa uongozi chamani. Likitumiwa kwa mtu mmoja aliyeishiwa na unga, linakaa vibaya. Anagombana na nani, sufuria?

‘Janga’ ni balaa kubwa linalowapiga wengi, kama ukame au ugonjwa wa mlipuko. Linaeleza ukubwa wa maumivu, si saa ya kuamua.

‘Dharura’ ni jambo la ghafla linalodai hatua mara moja. Kwa Kiingereza hiyo ni ‘emergency’, na hapa Kenya ina uzito wa kisheria na wa kihistoria. Oktoba 20, 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya dharura, na Wakenya waliishi chini yake kwa miaka. Katiba ya 2010, Kifungu cha 58, inasema tangazo la aina hiyo haliwezi kudumu zaidi ya siku 14 bila Bunge la Kitaifa kuliongeza. Dharura ina mipaka iliyoandikwa. ‘Crisis’ haina, ni neno la mdomo tu, na ndiyo maana wanasiasa hulipenda.

‘Ukata’ ni ukosefu wa pesa. Hilo ndilo neno la Njaanuary. Na kama unataka kitu kilicho karibu zaidi na ile ‘krisis’ ya Wagiriki, lipo, na umelisikia mara kadhaa humu ndani: njia panda.

Ule uongo mtamu kuhusu Wachina

Ukihudhuria semina yoyote ya kuhamasisha vijana, kuna uwezekano msemaji atasimama akuambie kwamba Wachina huandika ‘crisis’ kwa herufi mbili, moja ikimaanisha hatari na nyingine fursa. Watu hupiga makofi. John F. Kennedy alilisema hilo katika hotuba mjini Indianapolis mwaka 1959, wanasiasa wengine wa Marekani wakalirithi, na sasa limefika hadi kwenye stetasi za WhatsApp.

Si kweli, au tuseme ni nusu. Neno lenyewe ni ‘weiji’. ‘Wei’ kweli ni hatari. Lakini Victor Mair, profesa wa Kichina katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alieleza kwamba ‘ji’ katika neno hili haimaanishi fursa. Inamaanisha kitu kama saa nyeti, wakati ambapo jambo linaanza au linabadilika. Fursa ni neno jingine, ‘jihui’, ambalo lina ‘ji’ hiyohiyo ndani yake, na huko ndiko mkanganyiko ulikotoka.

Cha kufurahisha ni kwamba maana halisi ya Wachina inakutana na ya Wagiriki: saa nyeti, njia panda. Kwa hiyo mtu akikuambia upate ‘fursa’ katika kufutwa kazi kwako, una haki ya kumwangalia tu. Njia panda haikuahidi zawadi. Inakutaka uchague ukiwa macho.

Watoto wapya wa neno hili

Kiingereza kimeendelea kulizalisha. Mwaka 1965 mwanasaikolojia Elliott Jaques alichapisha makala iliyoeneza ‘midlife crisis’, ile hali ya mtu wa makamo kujiuliza maisha yake yameenda wapi. Mwaka 2001 Waamerika wawili, Alexandra Robbins na Abby Wilner, wakaandika kitabu kuhusu ‘quarterlife crisis’, ya watu wa miaka ya ishirini. Hiyo wengi wetu tunaijua bila kitabu: umemaliza shule, mwenzako ana gari, mwingine ana mtoto, wewe una cheti na ndoto.

Kisha mwaka 2022 kamusi ya Collins ikachagua ‘permacrisis’ kuwa neno la mwaka, ikimaanisha kipindi kirefu cha misukosuko isiyokoma. Corona, vita vya Ukraine, bei kupanda, yote mfululizo. Neno linaeleweka, lakini tazama ndani yake: ‘crisis’ ya kudumu. Mgriki wa kale angecheka. Saa ya uamuzi inayodumu milele si saa ya uamuzi tena, ni maisha. Na mtu anayeishi kila siku kana kwamba nyumba inaungua huchoka, na akichoka haamui tena chochote.

Kulitumia bila kuchekwa

Kama unaandika barua ya kazi au insha, kumbuka mambo machache. Umoja ni ‘crisis’, husemwa ‘krai-sis’. Wingi ni ‘crises’, husemwa ‘krai-siiz’. Hakuna ‘crisises’, na ‘many crisis’ ni makosa. Ni mtindo uleule wa ‘thesis’ na ‘theses’, ‘analysis’ na ‘analyses’.

Ukiulizwa kwenye mahojiano ya kazi ulivyowahi kushughulikia ‘crisis’, usisimulie jinsi maisha yalivyokuwa magumu. Anayekuuliza anataka kusikia mambo matatu: nini kilikuwa kinaharibika, ulikuwa na muda gani, na uliamua nini.

Na kuna matumizi moja ambayo hayafai kufanyiwa mzaha. Rafiki akikuambia yuko kwenye ‘crisis’ na unaona si ya pesa, amekuwa kimya, anagawa vitu vyake, anasema amechoka na kila kitu, hapo neno limerudi kitandani lilikozaliwa. Anaweza kwenda upande wowote. Usimwambie ajikaze. Kaa naye, mtafutie mtu mzima anayeaminika au mhudumu wa afya, au mpigie Msalaba Mwekundu wa Kenya kwa nambari 1199, bila malipo. Lakini kama kila tokeni iliyoisha tumeiita kwa jina hilohilo, tutajuaje siku anayesema anamaanisha?

Kwa hiyo, kabla hujalitamka, jiulize: kuna saa inayogonga? Kuna zaidi ya njia moja? Kuna mtu, huenda ni wewe, anayetakiwa kuchagua sasa? Jibu likiwa ndiyo kwa yote matatu, sema ‘crisis’ bila kuona haya, kisha uchague. Likiwa hapana, sema umesota, una ukata, au mambo ni magumu. Kiswahili hakijawahi kuishiwa na maneno ya shida.